Mpira wa pampu ya zege: niliyojifunza nikiushika na nikiutunza

Kwenye saiti nyingi za Dar es Salaam pampu ya zege huja na opareta wake, lakini mtu wa kushika mpira, lile bomba la raba linalotolea zege mwishoni, hutafutwa palepale asubuhi. Msimamizi anawaangalia vibarua waliosimama getini, anachagua mwenye kifua, anampa gambuti, kazi inaanza. Mimi niliingia kwenye kazi hii kwa mlango huohuo. Baadaye nikawa msaidizi wa opareta, kisha opareta mwenyewe. Sasa nikifika saiti, swali langu la kwanza ni nani atashika mpira leo, maana nguvu yote ya mashine, kuanzia injini mpaka pistoni, inaishia mikononi mwa mtu yule.

Watu huliogopa bumu, ule mkono mrefu wa pampu unaobeba bomba la zege, na wana haki. Linapita juu ya vichwa, ni refu, na kila mtu ameshasikia habari za pampu iliyopinduka. Mpira hawauogopi kwa sababu unaning'inia, unapinda, unaonekana laini. Lakini mipira mingi ya pampu za bumu yenye kipenyo cha milimita 125 imetengenezwa kufanya kazi kwa presha ya hadi baa 85. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 na kidogo. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400, kwa hiyo mpira wa mita 3 ukijaa umebeba kilo karibu 90 za zege, mbali na uzito wake wenyewe. Hapo pampu haijasukuma chochote. Mpira huo ukiyumba tu kwa sababu opareta amelivuta bumu ghafla, unamwangusha mtu mzima.

Kinachoumiza watu zaidi, hata hivyo, ni upepo, yaani hewa inayoingia ndani ya bomba. Zege halibonyei. Ukilisukuma huku linatoka kule kwa mwendo uleule, na pistoni ikisimama nalo linasimama. Upepo unabonyea. Ukiingia ndani ya bomba na zege likawa mbele yake, pampu inaendelea kuugandamiza, na nguvu inajikusanya bila mtu yeyote kuiona. Kisha kipande kile cha zege kinafika kwenye mdomo wa mpira na kutoka, upepo unapata nafasi ya kutanuka kwa mara moja, na mpira unarushwa kama mjeledi.

Nililiona hilo kwa karibu nikiwa bado msaidizi, kwenye saiti moja ya Upanga. Tulikuwa tunamwaga slabu ya ghorofa ya pili. Gari la zege lililokuwa likimimina lilikaribia kuisha, jingine lilikuwa limekwama kwenye foleni, na msimamizi akawa anasisitiza kila kilichobaki kisukumwe. Zege kwenye hopa, lile beseni la pampu linalopokea zege, likashuka mpaka mapanga ya kukorogea yakaonekana. Mara pampu ikavuta upepo. Kijana aliyeshika mpira alikuwa ameuweka begani, kama wengi wanavyofanya mikono ikichoka. Mpira ukatema mara moja, ukanyamaza kidogo, kisha ukapiga. Ulimtupa juu ya nondo za mkanda (boriti) akavunjika mtulinga. Fundi aliyekuwa pembeni yake alipigwa na kokoto usoni, na kilichookoa macho yake ni miwani ambayo wenzake walikuwa wakimtania kwa kuivaa.

Tangu siku ile nimekuwa mkali kuhusu hopa. Mapanga ya kukorogea hayaruhusiwi kuonekana pampu ikiwa inafanya kazi. Zege likishuka nasimamisha, hata kama bosi anapiga kelele kwamba muda unakwenda. Na kama upepo umeshaingia, sisukumi kwa matumaini kwamba utatoka kwa upole. Nasimamisha pampu, narudisha nyuma mikupuo michache ya pistoni ili presha ishuke, nawaondoa watu wote karibu na mpira, ndipo naanza tena taratibu. Hakuna anayeusogelea mpaka zege litoke kwa mfululizo, bila kutema.

Kurudisha nyuma kwenyewe nako kunaingiza upepo, na jambo hili wengi hawalifikirii. Pampu inapovuta zege nyuma, nafasi inabaki wazi kwenye mdomo wa mpira na hewa inaijaza. Ukisukuma mbele tena, hewa ile inatangulia. Ndiyo maana hatari ipo kila tunapoanza mwanzo wa siku, kila tunapoanza baada ya kusimama, na kila tunapofungua njia iliyoziba. Vitabu vya watengenezaji wa pampu vinataja eneo la hatari kama duara lenye upana wa mara mbili ya urefu wa mpira. Mpira wa mita 4, duara la mita 8. Mimi nawaambia vijana wangu wapime kwa macho, kisha waongeze hatua mbili nyuma.

Mpira unatoa dalili kabla ya kupiga. Sauti inabadilika, unasikia kama kikohozi ndani ya bomba. Zege linatoka kwa vipande, na mpira unatetemeka kwa namna tofauti na ule msukumo wa kawaida wa pistoni kubadilishana. Mshika mpira mzoefu anausikia mkononi kabla opareta hajaona chochote kwenye geji. Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kumweka pale mtu ambaye hajawahi kuambiwa hata neno moja. Yeye ndiye macho ya opareta. Wakubaliane ishara za mkono kabla ya kuanza: anza, simama, punguza, rudisha nyuma. Kama opareta hamwoni, awepo mtu wa katikati mwenye redio ambaye hana kazi nyingine yoyote.

Namna ya kushika nayo inafundishwa. Usiuweke mpira begani, usiupitishe katikati ya miguu, usiukumbatie, na usisimame umebanwa kati yake na ukuta au mbao za fomu. Simama pembeni, uso ukiielekea njia ya kukimbilia. Uongoze kwa kuusukuma taratibu au kwa kamba iliyofungwa juu kidogo ya mdomo. Wala usitembee kinyumenyume juu ya nondo huku mpira unakufuata, maana mguu utanasa.

Halafu kuna ule mchezo wa kuukunja mdomo wa mpira ili zege lisidondoke wakati bumu linahamishwa kutoka nguzo moja hadi nyingine. Nimeuona karibu kila saiti. Opareta akisukuma hata mkupuo mmoja kwa bahati mbaya mpira ukiwa umekunjwa, presha inapanda, mkunjo unafunguka wenyewe, na aliyeushika ndiye anayelipa. Mpira nao unaumia hapohapo. Mipira mingine ndani ya raba yake ina tabaka za nyuzi za kitambaa, mingine ina waya za chuma. Ile ya waya ikikunjwa sana hairudi katika umbo lake. Waya zinabaki zimepinda, na kila zege linapopita zinasagana mpaka zinakatika. Kuzuia matone kuna vali maalumu za kubana mpira. Kama saiti haina, ndoo itawekwa chini ya mdomo, na zege likidondoka kwenye slabu litasambazwa kwa koleo. Hasara hiyo ni ndogo.

Mpira wa mwisho wa bumu haupaswi kuwa na chuma kwenye mdomo. Upande wa juu unaungwa kwa klempu, kibano cha chuma, yenye pini ya usalama, na mnyororo au mkanda wa kuuzuia usianguke klempu ikiachia. Upande wa chini ni raba tupu. Niliwahi kuombwa kuunga mpira wa pili chini ya ule wa kwanza kwa sababu bumu lilikuwa linakosa mita chache kuifikia kona ya jengo. Msimamizi alikuwa na mpira wa pampu ya chini, ile isiyo na bumu, wenye vyuma pande zote mbili, akasema, "Fundi, unga tu huu tumalize." Nikakataa, nikamweleza. Bumu limepigiwa hesabu ya kubeba mpira wa urefu ulioandikwa kwenye kitabu chake, na mara nyingi ni mita 3 au 4. Ukiongeza mwingine uliojaa zege umeongeza mzigo kwenye ncha kabisa, mahali ambapo kila kilo ina uzito wake dhidi ya miguu ya gari. Na upepo ukiingia, chuma kile kinachoning'inia kitapita kwenye vichwa vya watu. Kona ile tulimalizia kwa toroli. Ilituchukua muda mrefu na nililaumiwa, lakini bado naona ndivyo ilivyopasa kufanywa.

Kariakoo ni habari nyingine. Barabara ni nyembamba, bumu mara nyingi halina pa kutandaza miguu, na nyaya za umeme ziko kila upande. Hapo tunatumia pampu ya chini: mabomba ya chuma yanapanda kwenye uwazi wa ngazi, na huko juu ndiko tunakounga mipira. Wengi hupenda mipira mirefu kwa sababu inapinda kirahisi. Lakini msuguano ndani ya mpira ni karibu mara tatu ya ule wa bomba la chuma la urefu uleule, hivyo mita 10 za mpira zinaichosha pampu kama mita 30 za chuma. Tumia chuma mpaka karibu kabisa na unapomwaga, kisha weka mpira wa kutosha kufika pembeni, basi. Mpira wa milimita 100 wenye urefu wa mita 10 ukijaa una zaidi ya kilo 180 za zege. Hauvutwi kwa mikono ya watu wawili. Tunafunga kamba, tunatandika vipande vya plaiwudi juu ya nondo ili uteleze, na tunaanza kumwaga kona ya mbali tukirudi nyuma, tukipunguza mpira mmoja baada ya mwingine. Kila kabla ya kufungua klempu, pampu inarudisha nyuma kwanza. Klempu iliyobeba presha ukiigonga kwa nyundo ifunguke, chochote kilicho nyuma yake kinatoka nayo.

Kuziba nako kunaanzia mbali na mpira. Kokoto nyingi za Dar zinatoka Lugoba, ni za kusagwa, zina kona kali. Kwa kokoto za namna hiyo tunataka jiwe kubwa kabisa lisizidi theluthi moja ya kipenyo cha mpira. Jiwe la milimita 20 halina shida kwenye mpira wa milimita 100, lakini kwenye mpira wa milimita 50, ule wa plasta na rojo, linatafuta kukwama tu. Mchanga uliooshwa mpaka ukaisha unga wake nao unaziba, kwa sababu hakuna kinachobeba mawe. Na dawa inayopendwa saiti, kuongeza maji kwenye hopa, inazidisha tatizo. Maji yakizidi, chini ya presha yanatangulia na saruji, mawe yanabaki nyuma yakibanana yenyewe kwa yenyewe. Zege lenye slampu nzuri, yaani ulaini wa kutosha, linateleza bila kuongezwa kitu, na nguzo inabaki na nguvu yake.

Kabla ya zege la kwanza, njia yote inalowanishwa na kupitishwa uji mzito wa saruji, ili kuta za ndani zisinyonye utelezi wa zege lenyewe. Mipira ni sehemu ya mwisho kufikiwa na uji huo, kwa hiyo ukiwa mchache, kuziba kunatokea mpirani. Uji ule unaotoka mbele tunaukinga nje ya fomu. Usiende kwenye nguzo wala kwenye mkanda, hauna kokoto.

Joto la Januari na Februari lina mambo yake. Mpira mweusi uliolala juani kwenye plaiwudi unachemka, na zege lililosimama ndani yake linaanza kushika huku mnasubiri gari lililo kwenye foleni ya Ubungo. Tunaufunika kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, mpira na mabomba pia. Tunapokuwa tunasubiri, kila baada ya dakika chache nasogeza zege mkupuo mmoja au miwili nyuma na mbele ili lisilale, na kila ninapofanya hivyo natoa ishara kwanza, kwa sababu ile hewa niliyoieleza inaingia hata kwenye mkupuo mmoja.

Nikija kwenye matunzo, nitasema jambo ambalo wenye mashine hawapendi kulisikia: mipira mingi niliyoona ikitupwa haikuuawa na zege. Iliuawa baada ya kazi, watu wakiwa wamechoka na wanataka kwenda nyumbani. Zege likigandia ndani, asubuhi inayofuata mtu anachukua nyundo na kuupiga mpira kutoka nje ili lipasuke. Linapasuka kweli, na vipande vyake vyenye makali vinakata raba ya ndani. Kuanzia hapo maji ya saruji yanapenya hadi kwenye nyuzi au waya, kutu inaanza, na nje huoni kitu.

Usafishaji unaanza mara zege la mwisho linapotoka. Tunapitisha ndani sponji ya mviringo iliyolowa, ikisukumwa na maji. Wapo wanaotumia kompresa kwa sababu ni haraka na maji ni shida. Mimi sipendi kabisa upepo wa kompresa kupita kwenye mpira wa mwisho. Kama hakuna njia nyingine, mpira wa mwisho uondolewe kwanza, kikapu cha kunasia sponji kifungwe imara, na hakuna mtu asimame mbele yake. Sponji inayotoka kwa upepo inaua.

Kisha nje. Hapa kuna mazoea nimepigana nayo kwa muda mrefu: kupaka dizeli au oili chafu. Mafundi wanapaka kwenye mbao za fomu ili zege lisigande, wakaona hata mpira utafaidika. Dizeli inaila raba. Inavimba, inalainika, na baada ya muda unaweza kuikwangua kwa kucha. Maji na sabuni vinatosha, na kama unataka zege lisishike nje, paka sabuni ya maji kabla ya kuanza. Gasketi za klempu, zile raba za kuzuia kuvuja, nazo zipakwe sabuni, zisipakwe gurisi ya kawaida. Mfereji wa klempu usafishwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Punje chache za zege humo zinaifanya klempu ionekane imefunga kumbe haijakaa.

Mpira ukisafishwa humwagwa maji yote, hulazwa umenyooka kivulini, juu ya mbao. Kuutundika kwenye msumari mmoja ni kuuwekea mkunjo wa kudumu. Kuuacha kwenye paa la kontena mwezi mzima, kwa jua letu hili, kunaupasua ngozi nyufa ndogondogo. Na mpira unaofanya kazi kwenye mpindo uleule kila siku tunauzungusha robo duara mara kwa mara, kwa sababu mawe yanakwangua upande wa nje wa mpindo na kuacha mwingine mzima.

Kila asubuhi nachukua tochi na kumulika ndani pande zote mbili. Natafuta mikato, raba iliyobanduka, na hasa pale raba inapokutana na chuma cha ncha, panapolika mapema. Nje napitisha mkono, si macho tu. Mahali palipovimba, palipo laini kuliko pengine, au panapoonesha nyuzi au waya, mpira huo hauungwi. Niliwahi kupelekewa mpira uliobandikwa kiraka na fundi wa pancha, tena kazi safi. Nilimheshimu fundi yule, lakini kiraka kinaziba ngozi ya nje. Tabaka zinazobeba presha zilishakatika chini yake. Kitu pekee ninachokubali kukata ni mdomo wa raba tupu wa mpira wa bumu ukichakaa, ili mradi urefu unaobaki unafika.

Mshika mpira naye aoshwe. Zege bichi ni kali kwa ngozi, na likiingia ndani ya gambuti na kukaa mchana kutwa linaunguza bila maumivu ya haraka. Mtu anavua jioni anakuta ngozi imechubuka hadi nyama. Awe na gambuti refu, glavu za mpira, miwani, helmeti, na maji safi karibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kibarua wa siku moja ana mwili uleule kama wa mwajiriwa wa kudumu.

Wanaoniuliza wakanunue wapi mpira mpya nawaambia waanze na maandishi yaliyo ubavuni mwake: jina la mtengenezaji, kipenyo, presha ya kufanyia kazi na tarehe ya kutengenezwa. Presha hiyo ilingane na ya pampu au iizidi. Ncha zake zilingane na klempu ulizonazo, kwa sababu kuna mifumo inayofanana kwa macho lakini haikai pamoja. Mpira usio na maandishi hayo siuungi kwenye mashine, hata kama bado una harufu ya dukani.